Nafasi Moja Nyuma

Kengele ya mkanda ilianza kulia kilomita mbili tu baada ya kuiacha ngome. Ting, ting, ting, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko akiomba asikilizwe. Mama Pazia akaushika mkanda wake. Ulikuwa umefungwa, umepitishwa chini ya tumbo kama daktari alivyoelekeza. Akamtazama mumewe. Naye amefunga. Mtu aliyeendesha basi la shule miaka kumi na tisa anaweza kusahau suruali lakini si mkanda.

"Ni ya nyuma," mume akasema, akigonga kwa ukucha taa nyekundu kwenye dashibodi. "Nyuma kulia. Gari linasema kuna mtu kakaa bila kujifunga."

"Mtu gani?"

"Si begi lako hilo."

Mama Pazia akageuka. Kwa mwenye mimba ya miezi mitano na nusu, kugeuka nyuma ni safari nyingine ndani ya safari, lakini aligeuka. Begi lilikuwa sakafuni. Kushoto palikuwa na kiti cha mtoto, kipya, kingali kimevikwa nailoni ya dukani. Katikati palikuwa na chupa ya maji na kofia mbili. Kulia palikuwa patupu.

"Begi liko chini," akasema.

"Basi ni joto. Magari ya siku hizi yamejaa akili, jua likiwaka kidogo yanaweweseka."

Akaegesha kando ya barabara, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akauvuta mkanda wa kile kiti kitupu na kuubana kwenye kifungio chake. Kengele ikanyamaza. "Haya, abiria," akasema kwa sauti yake ya kazini, "umefungwa, sasa tulia." Mama Pazia akacheka. Alikuja kukijutia kicheko kile.

Watoto wa shule walimwita huyu bwana Mjomba Timia, kwa sababu ya neno lake. Kabla ya kuondoka popote hufungua mlango, hupiga honi mara mbili na kuita, "Tumetimia? Aliyebaki apande!" Kisha huhesabu vichwa, yeye mwenyewe hajihesabu, maana dereva si abiria. Miaka kumi na tisa hajaacha mtoto hata mmoja, na hilo alilijivunia kuliko wengine wanavyojivunia nyumba. Ubaya ni kwamba tabia haikubaki kazini. Alihesabu wageni mezani. Alihesabu ndugu kwenye picha za harusi. Na tangu mimba ilipovuka mwezi wa nne, kila wakiingia garini alikuwa akitangaza, "Abiria wawili, wewe na bosi. Tumetimia."

Mkewe hakumkataza, kwa sababu zake. Alikuwa mshonaji wa mapazia, tena stadi, mwenye jicho la kupima dirisha akiwa amesimama upande wa pili wa barabara. Rika lake wote mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Yeye watu walitafuta wa kumwitia wakakosa, wakampa mapazia. Si kwamba hakujaribu. Mimba tatu zilikuwa zimeingia na kutoka, hakuna iliyofika mwezi wa tano. Hii ya nne ilikuwa imefika, ikapita, na daktari aliyekuwa akimwambia lala, lala, sasa alimwambia katembee kidogo, kavute hewa ya bahari, mradi asibebe kitu kizito. Shule zilikuwa zimefungwa. Ndipo Timia akakifunga kile kiti cha mtoto nyuma ya gari lao dogo, mapema mno kwa maoni ya majirani, akasema anataka kuzoea kukitazama kwenye kioo, wakashika njia ya pwani ya magharibi yenye ngome, minara na miji ya kale.

Ngome ya kwanza waliikuta haina mtu. Ilikuwa adhuhuri kali. Kuta zilikuwa zimeliwa na chumvi, na ndani mlikuwa na chumba kirefu chenye pete za chuma ukutani. Kibao mlangoni kilisema watu walikuwa wakifungiwa mle kungoja vyombo vya kuwachukua. Mama Pazia alitafuta dirisha kwa mazoea, hakuliona. "Humu hakuna kazi yangu," akasema, wakatoka haraka kuliko walivyoingia.

Timia alimwona mkewe amenywea, akataka kumchangamsha. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akapiga honi mara mbili, akaligeukia lile lango la mawe na kuita kwa nguvu zote, "Tumetimia? Aliyebaki apande! Nafasi moja nyuma!"

Sauti ikaingia ndani, ikachelewa kurudi. Timia akaushikilia mlango wazi kwa muda uleule anaowapa watoto wazito wa kutembea, akaufunga. Mama Pazia, ambaye alikuwa ameshakaa mbele, alihisi gari limedidimia kidogo, kama linavyodidimia mumewe anapoingia. Ila mumewe alikuwa bado amesimama nje.

Akafunga mkanda wake. Mwanamke aliyepoteza watatu hujifunza kutosema kila anachokihisi, kwa kuogopa kukipa nguvu.

*

Asubuhi ya pili, walipotoka nyumba ya wageni, gari lilinuka. Halikunuka samaki wala mwani. Lilinuka chokaa mbichi na maji yaliyofungiwa muda mrefu, kama kisima kilichofunuliwa baada ya miaka. Timia akafungua madirisha yote, akapuliza kipoza hewa, akasema ni unyevunyevu wa bahari. Lakini kioo cha nyuma kulia kilikuwa na ukungu, hicho peke yake. Mama Pazia akakifuta kwa upindo wa gauni lake akiwa nje. Ukungu haukufutika. Akafungua mlango akafuta kwa ndani, kikang'aa. Alipokwisha kukaa kiti cha mbele akageuka kutazama: ukungu umerudi, duara moja, kimo cha mdomo wa mtu mzima aliyekaa.

Na mkanda ulikuwa umevutwa. Jana Timia aliufunga juu ya kiti kitupu, ukakilalia kiti. Leo ulikuwa umetokeza mbele, umepinda, na jicho la ushonaji likaupima lenyewe kabla hajaliruhusu: kiuno cha inchi thelathini na nane, labda arobaini.

"Mume wangu," akasema polepole. "Turudi nyumbani."

"Tumetoka jana tu! Leo ni mnara wa taa, mama. Ngazi zake mia mbili, wewe utakaa chini, mimi nitapanda kwa niaba yako." Akarekebisha kioo cha kati, akatazama nyuma, akasema kama anavyosema siku zote, "Abiria watatu. Tumetimia."

"Umesema wangapi?"

"Wawili. Wewe na bosi."

"Umesema watatu."

"Nani? Mimi?" Akamtazama kwa mshangao wa kweli, na ule mshangao ndio uliomtisha Mama Pazia zaidi. Timia huwa hakosei hesabu.

Njiani aliendesha si kama anavyoendesha siku zote. Kila kona alipunguza mwendo kupita kiasi na kutupa jicho kwenye kioo, kama anavyofanya basi likiwa na watoto. Mara moja alisema "samahani" baada ya kupita shimo, na mkewe hakuwa ameguna. Barabara ilikuwa nzuri ajabu, bahari chini upande mmoja, kuta za kale upande mwingine, na Mama Pazia hakuona chochote kwa sababu macho yake yote yalikuwa mgongoni. Alikuwa akisikiliza. Kulikuwa na pumzi. Si pumzi ya Timia, yeye anavuta kwa pua na kufuata wimbo wa redio. Hii ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kungoja, ikivutwa na kukaa, ikivutwa na kukaa, na kila ilipotoka ile harufu ya kisima ilimpitia shingoni.

Chini ya mnara wa taa Timia alikwenda kupanda ngazi zake. Mama Pazia akakaa juu ya ukuta mfupi, mbali na gari, akilitazama waziwazi mchana kweupe. Ndipo akasikia klik. Kifungio kilifunguka. Mkanda wa nyuma kulia ukarudi taratibu kwenye nyumba yake, na gari, ambalo lilikuwa limeinamia kulia bila yeye kutambua, likajiweka sawa, kisha likainamia kushoto.

Nailoni ya kiti cha mtoto ikachanika. Aliisikia kutoka pale alipokuwa. Akasimama, akatembea hadi dirishani, akachungulia: mikanda midogo ya kile kiti ilikuwa imefungwa yote miwili, imekazwa, na godoro lake lilikuwa limebonyea katikati.

Wakati huohuo maumivu yakamshika kiunoni. Aliyajua. Mara tatu yalikuwa yamekuja hivihivi, bila haraka, kama mtu anayefungua nyumba yake kwa ufunguo wake. Alipokwenda msalani akaona damu, tone moja.

*

Hospitali ilikuwa mbele, mwendo wa saa mbili. Timia aliendesha hana tena utani, jasho linamtoka, anasema "shikilia, mama, shikilia" bila kujua anamwambia nani. Baada ya nusu saa usukani ukaanza kumvuta. Gari lilikuwa limelala nyuma kushoto kiasi kwamba bodi ilikwaruza tairi.

"Pancha," akasema, karibu alie. "Leo? Pancha leo?"

Kwenye kona palikuwa na karakana ya tairi, banda la mabati na rundo la matairi yaliyopakwa chokaa. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ovaroli ya bluu na hereni kubwa. Akapiga magoti, akapima upepo. Akapima tena.

"Tairi nzima, kaka. Mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu. Tafadhali, mke wangu anaumwa, jaza upepo twende."

Fundi akaweka kiganja juu ya bodi, pale nyuma kushoto, akakiondoa upesi na kukifuta kwenye ovaroli. Akachungulia dirishani. Akakiona kiti cha mtoto kilivyofungwa, akaliona tumbo la Mama Pazia, na uso wake ukabadilika.

"Mmepita ngomeni," akasema kwa sauti ya chini. "Nani kati yenu aliita?"

Timia akasema, kama mtoto aliyevunja sahani, "Mimi. Nilikuwa natania."

"Alipanda lini?"

"Jana adhuhuri," Mama Pazia akajibu badala yake. "Nililisikia gari likididimia."

Mume akamgeukia. "Ulisikia, ukanyamaza?"

"Na wewe ukamfunga mkanda!"

"Gombaneni baadaye," fundi akasema. "Nisikilizeni, maana jua halitungoji. Mama yangu alikuwa mganga. Karakana hii aliijenga hapa makusudi, kwa kuwa njia ni moja na kila mwenye mzigo wa namna hii lazima apite. Tairi ni kazi yangu, haya nimerithi. Yule ni jini wa kungoja. Mle ngomeni watu walingoja kuitwa miaka na miaka, na wasioonekana waliokaa nao wakajifunza kwao. Hawafuati mtu. Wanangoja aite mwenye chombo, aseme nafasi ipo. Wewe umesema ipo."

"Tulitelekeze gari," Timia akasema. "Tupande lori, tupande chochote."

"Hakuitwa na gari, aliitwa na dereva. Panda baiskeli, atakaa kwenye keria." Akawasogelea, hereni zikitikisika. "Jua likizama mara ya pili akiwa amekaa, kiti ni chake. Na aliyekusudiwa kiti kile mnamjua nyinyi. Hakuna kiti kinachobeba wawili."

Mama Pazia alielewa kabla sentensi haijaisha. Akajishika tumbo kwa mikono yote miwili. Jua lilikuwa limebakisha kama mikono miwili kuigusa bahari.

"Anashukaje?" akauliza.

"Kwa neno la aliyemwita. Akiambiwa gari limejaa, basi, hapiganwi, hafukuzwi. Ila hadanganyiki. Lazima liwe limejaa kweli, kila kiti kina mtu. Gari lenu ni la watano. Nyinyi wawili, mimi wa tatu, dada yangu yumo ndani, wa nne. Mume wangu kaenda na pikipiki kuvuta gari, nampigia sasa hivi." Akamgusa Timia kifuani kwa kidole chenye grisi. "Na wewe, sikia. Hesabu makalio yaliyokalia viti. Usihesabu kingine. Usihesabu kisichokalia kiti, umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Mume wa fundi alisema yuko njiani, dakika ishirini. Wakamngoja. Ishirini zikawa thelathini, na Mama Pazia, aliyelala juu ya benchi la karakana, alihisi maumivu yakija karibu karibu, na kila yalipokuja kile kiti ndani ya gari kilitoa mlio mdogo wa mtu anayejiweka vizuri. Akapigiwa tena mume wa fundi. Simu ikaita bila kupokelewa.

"Anaendesha," fundi akasema. "Hawezi kupokea. Tuingieni. Akifika ataingia moja kwa moja."

Wakakifungua kiti cha mtoto. Ilibidi watatu wakivute, chepesi kama kilivyo, na kilipotoka kiliacha unyevu juu ya kitambaa, umbo la mtu aliyekaa, na umbo lile halikuondoka. Lilibaki pale nyuma kushoto, likibonyea. Timia akashika usukani. Mama Pazia akakaa kando yake. Fundi akaingia nyuma kulia, na dada yake, mwanamke mnene mpole ambaye hadi hapo alikuwa hajasema neno, akasukumwa katikati.

Milango ikaachwa wazi. Walikuwa wameelekea bahari. Jua liligusa maji.

"Yuko hapa," dada mtu akanong'ona. "Ananiegemea."

"Usisogee."

"Ni baridi. Fundi, ameweka kichwa begani kwangu."

"Nimesema usisogee. Muache. Macho mbele."

Hakuna pikipiki. Mama Pazia alitazama barabara kwenye kioo cha pembeni, barabara nyeupe tupu hadi kwenye kona, akaomba itokee, akaahidi mambo ambayo mtu huahidi akiwa katika hali ile, na jua likawa nusu, na harufu ya kisima ikajaa gari hadi mdomoni, na maumivu yakamkamata safari hii bila kumwachia, na akahisi joto likimshuka mapajani akajua kwamba tone la mchana sasa limepata wenzake, na nyuma yake akaisikia ile pumzi ikivutwa na kukaa, ikivutwa na kukaa, halafu ikawa haitoki tena bali inavutwa tu, ndefu, ndefu, kama ya mtu aliyeambiwa muda wake umefika na anajiandaa kusimama.

"Timia," akasema. "Anaondoka. Mtoto anaondoka."

Ukucha wa jua ulikuwa umebaki. Mbali, nyuma ya kona, kama kweli na kama ndoto, kukasikika mlio wa pikipiki.

"Bado kidogo," fundi akasema. "Ngoja. Anakuja, namsikia, ngoja!"

Lakini Timia alikuwa ameiona damu kwenye kiti. Yule bwana ambaye hakuwahi kumwacha mtoto hata mmoja aliiona damu ya mwanawe, akili yote ikamtoka, ikabaki tabia. Akapiga honi mara mbili. Akageuka akaanza kuhesabu kwa kidole, na siku hiyo, kwa kuwa aliambiwa viti vyote, alijihesabu na yeye mwenyewe.

"Mimi, mmoja. Mke wangu, wawili. Dada, watatu. Fundi, wanne." Kidole kikarudi mbele, kikatua juu ya tumbo. "Na huyu, watano! Tumetimia! Gari limejaa! Shuka!"

"Hapana! Umelifanya tumbo kiti!" fundi akapiga kelele.

Jua likazama.

Gari likanyanyuka. Lilinyanyuka nyuma kushoto kwa mshtuko mmoja, kama lori lililoshusha mawe, na dada mtu akaangukia upande ule kwa sababu alichokuwa amekiegemea hakikuwepo tena. Harufu ikakatika. Ukungu ukatoweka kwenye kioo. Na Mama Pazia akahisi ubaridi ukipenya kati ya viti viwili vya mbele, kimo cha kiwiko, ukamgusa ubavuni, ukatulia. Maumivu yakaisha papo hapo, kama taa iliyozimwa.

Pikipiki ikafika. Mume wa fundi akavua kofia ngumu. "Nimechelewa?" akauliza.

Timia alikuwa analia na kucheka. Aliubusu usukani, akambusu mkewe kichwani, akamshukuru fundi hadi akaishiwa maneno. Fundi hakupokea shukrani hizo. Alizunguka upande wa Mama Pazia, akachuchumaa mlangoni, akauliza kwa sauti ambayo Timia hakuisikia, "Dada, umehisi nini?"

"Maumivu yameacha."

"Yameachaje? Polepole au mara moja?"

Mama Pazia akamtazama. Angeweza kusema. Lakini chini ya mkono wake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mtoto alikuwa amecheza, teke dogo lenye afya, na hakuwa tayari kumwambia mtu yeyote duniani neno litakalomwondolea teke lile.

"Polepole," akasema.

Fundi akalitazama tumbo kwa muda, akasimama, akarudi karakanani bila kuaga.

*

Kesho yake asubuhi, hospitalini, mpimaji wa ultrasaundi alikuwa mama mchangamfu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Akampaka Mama Pazia dawa ya baridi tumboni, akazungusha kile kifaa chake, akasema damu imekoma kabisa, mlango wa mfuko wa uzazi umefunga vizuri, mapigo ya moyo haya hapa, sikilizeni wenyewe. Timia akasikiliza amefumba macho. Miaka yote ya kungoja ilikuwa usoni mwake na Mama Pazia alimpenda mno dakika ile.

Kisha mpimaji akasogeza kifaa upande mwingine. Akavaa miwani.

"Kipimo cha kwanza mliambiwa wangapi?"

"Mmoja," Timia akasema. "Kuna shida?"

"Hakuna shida, baba. Huwa inatokea, mmoja anamficha mwenzake." Akacheka, akaugeuza mkono wa skrini wote waone. "Hongereni. Wako wawili. Tena huyu wa pili ni mkubwa kidogo kuliko umri wake."

Timia aliruka. Alimkumbatia mpimaji, akatoka mbio koridoni kumpigia simu mama yake, na sauti yake ilisikika huko ikisema wawili, mama, wawili, nimehesabu mwenyewe kwa macho yangu.

Mama Pazia alibaki anatazama skrini. Mmoja alikuwa anaelea na kupiga miguu, amejikunja, anajinyoosha, mtoto kama watoto. Mwingine hakuelea. Alikuwa amekaa wima, hana haraka, ameelekeza uso nje. Na yeye, aliyejua kupoteza kuliko alivyojua jambo lolote, akaona waziwazi kwamba safari hii hawezi kumwambia mtu wala kutafuta mganga wala kunywa dawa yoyote, kwa sababu mlango ni mmoja, na atakayemtoa huyu atawatoa wote wawili.

"Mbona huna furaha, mama?" mpimaji akauliza, akimpa karatasi ya kujifutia.

"Nina furaha," akasema. "Nimechoka tu na safari."

Akajifuta, akashusha gauni. Halafu akaweka viganja viwili juu ya tumbo, kimoja huku na kimoja kule, akakaza kidogo, na hakujua ni kipi kati ya hivyo kilichomshika mwanawe.